Mwanao Akishtakiwa, Usikimbilie Kuuza Shamba

Mama mpendwa, mwanao akishavuka miaka 18 si mtoto tena mbele ya sheria. Akishtakiwa, atasimama kizimbani kama mtu mzima. Akina mama wengi wa Urambo na Sikonge hufunga safari kwenda Tabora mjini, palipokutana misafara ya zamani, wakiwaza kuuza ng'ombe au shamba la tumbaku ili wapate wakili.

Ngoja kwanza! Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yatoa njia. Jaji au hakimu akiona kwamba haki yadai mshtakiwa atetewe, naye hana uwezo wa kulipa, ataomba apangiwe wakili bila malipo. Kijana asiye na kazi asidhani kuwa shamba la baba yake lamzuia kuomba.

Basi mfundishe asinyamaze. Aseme wazi mahakamani: "Sina uwezo wa kuweka wakili. Naomba msaada wa kisheria." Wasaidizi wa kisheria nao hushauri bure, ingawa hawaruhusiwi kumtetea mahakamani. Anayekudai fedha kwa msaada huo, mkatalie.