Maji ya tumbaku kwenye chupa ya asali: sumu inayomsubiri mtoto

Singida. Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Manyoni kwenda Singida mjini, utaona chupa za maji ya kunywa zimepangwa juu ya meza kando ya lami. Nyingine zina mafuta ya alizeti, nyingine asali. Chupa hizo zilishatumika mara moja, zikaoshwa na kupewa kazi ya pili. Katika mkoa huu chupa tupu yenye kifuniko haitupwi ovyo, ni mali.

Chupa za aina hiyohiyo hubeba kitu kingine katika baadhi ya nyumba za wafugaji wa kuku na wakulima wa bustani. Ni maji ya tumbaku. Majani huloweshwa au kuchemshwa, maji yakachujwa, yakatiwa sabuni kidogo, kisha yakawekwa pembeni kwa ajili ya utitiri wa kuku au vidukari kwenye chainizi na sukuma wiki. Rangi yake ni ya kahawia. Ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, chupa hiyo huwezi kuitofautisha kwa haraka na ya asali, ya soda au ya chai ya rangi.

Mtu mzima anajua alichoweka. Mtoto wa miaka miwili hajui, na bibi aliyekuja kuwatembelea wajukuu hajui pia.

Ni ya asili, lakini ni sumu

Wengi hupenda dawa hii kwa sababu mbili. Kwanza haina gharama kubwa, kwa kuwa tumbaku ya majani hupatikana mnadani kwa bei ndogo. Pili, inaitwa dawa ya asili, na neno asili huwafanya watu waamini kwamba haina madhara.

Ukweli ni kwamba kinachoua mdudu katika maji hayo ni nikotini, kemikali ambayo mmea wa tumbaku huitengeneza ili kujikinga na wadudu. Nikotini hushika mishipa ya fahamu. Huanza kwa kuichochea kupita kiasi, na dozi ikiwa kubwa huilemaza, ikiwamo ile inayoendesha misuli ya kupumua. Mishipa ya binadamu nayo huathirika kwa njia hiyohiyo. Tofauti iko kwenye kiasi, na mtoto mwenye kilo 10 huhitaji kiasi kidogo sana kuliko baba yake ili adhurike.

Dunia iliwahi kutumia nikotini kama kiuatilifu cha dukani. Marekani kulikuwa na dawa maarufu iliyoitwa Black Leaf 40, yenye asilimia 40 ya salfeti ya nikotini, ambayo wafugaji waliitumia kuua wadudu wa kuku kwa miaka mingi. Dawa za nikotini za aina hiyo hatimaye ziliondolewa sokoni nchini humo, kwa sababu zilikuwa hatari mno kwa watumiaji. Kinachochemshwa leo nyuma ya jiko ni ndugu wa dawa hiyo, ila hiki hakina lebo wala kipimo.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba nikotini hupita kwenye ngozi. Wavunaji wa tumbaku katika nchi nyingi hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika baada ya kushika majani mabichi yenye umande au mvua, bila kuvuta hata sigara moja. Wataalamu huuita ugonjwa wa tumbaku mbichi.

Sabuni au majivu yanayotiwa kwenye maji ya tumbaku huongeza hatari hiyo. Vitu hivyo huigeuza nikotini kuwa katika hali inayopenya kirahisi zaidi kwenye ngozi na utando wa mdomo. Ni kanuni ileile inayofanya ugoro uliochanganywa na magadi uwe mkali kuliko tumbaku tupu. Hivyo mama anayechanganya dawa kwa mikono mitupu, au mtoto anayemwagikiwa kifuani, anaweza kudhurika bila kumeza chochote.

Usiyahifadhi kabisa

Swali ambalo wengi hujiuliza ni namna ya kuyatunza maji hayo ili yatumike mwezi mzima. Jibu lililo salama ni kutoyatunza. Tengeneza yanayotosha kazi ya siku hiyo, nje ya nyumba, kwa chombo ambacho hakirudi tena jikoni. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Yakibaki, yamalizie kwenye bustani ileile uliyokusudia, mbali na kisima, lambo na chombo cha maji ya mifugo.

Sababu ni za wazi. Nikotini huharibika polepole ikipata mwanga, joto na hewa, hivyo nguvu ya dawa iliyokaa haijulikani tena. Nyumba ya bati katika jua la Singida huwa na joto kali mchana, na chupa ya plastiki inayopitisha mwanga ni chombo kibaya kwa kazi hiyo. Mabaki ya majani nayo huchacha, gesi hujaa na kifuniko kinaweza kufyatuka. Hata hivyo, maji kuchacha na kunuka hakumaanishi kwamba nikotini imekwisha. Dawa inaweza kuwa imeshindwa kuua utitiri huku ikiwa bado inaweza kumdhuru mtoto.

Familia inaweza pia kujiuliza kama inaihitaji kweli. Kwa kuku, kusafisha banda mara kwa mara, kuchoma takataka zake na kuwawekea kuku sehemu yenye majivu makavu na vumbi la kuogea hupunguza wadudu. Kwa wakulima wa nyanya na pilipili hoho, maji ya tumbaku yana hasara nyingine, kwa kuwa yanaweza kubeba virusi vya tumbaku ambavyo hushambulia pia mazao hayo. Ofisa mifugo au ofisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kabla ya kuchemsha.

Dawa za dukani nazo zina kanuni

Kuna sumu ambazo familia haiwezi kuzikwepa kuzihifadhi. Mkulima wa pamba Iramba au Mkalama, wa vitunguu, au mfugaji anayeogesha ng'ombe dhidi ya kupe, hununua dawa leo na kubakiza nyingine kwa wiki zijazo. Baadhi ya dawa hizo zina viambata vilivyobuniwa kwa kufuata namna nikotini inavyomshambulia mdudu.

Kanuni ya kwanza ni kuiacha dawa kwenye chombo chake. Lebo yake hueleza jina la sumu, namna ya kuitumia na huduma ya kwanza. Hata rangi ya ukanda ulio chini ya lebo ina maana: nyekundu ni hatari kubwa zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Ukimimina dawa kwenye chupa ya soda ili umgawie jirani, umemgawia sumu isiyo na jina.

Kanuni ya pili ni kununua kidogo, kwa muuzaji aliyesajiliwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, inayofahamika kwa kifupi TPHPA, ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Dawa inayopimwa kwa kikombe mnadani na kuwekwa kwenye kichupa haina ulinzi huo, hata kama bei yake ni nafuu.

Chombo kikiisha, kisuuze mara tatu na maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kunyunyizia. Kisha kitoboe ili kisichotewe maji tena, na muulize ofisa ugani mahali pa kukikabidhi. Usikichome moto nyumbani.

Kichupa chenye harufu ya embe

Mijini kuna nikotini nyingine inayoingia nyumbani kimyakimya. Ni kimiminika cha sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu. Kijana anayerudi likizo kutoka Dar es Salaam au Dodoma anaweza kuwa na kichupa chake kwenye begi, kikinukia embe au stroberi.

Ukubwa wake usikudanganye. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2014 iliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, na kichupa kisichozidi mililita 10. Hata ndani ya kikomo hicho, kichupa kimoja hubeba miligramu 200, wakati mvutaji wa sigara moja ya kawaida huingiza mwilini takribani miligramu moja au mbili.

Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja huko Fort Plain, katika jimbo la New York nchini Marekani, alifariki dunia baada ya kumeza kimiminika hicho. Mapema mwaka 2016 Marekani ilitia saini sheria inayolazimisha vichupa hivyo viwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kirahisi, vile vya kubonyeza kwanza ndipo uzungushe. Kifuniko hicho humchelewesha mtoto, lakini hakichukui nafasi ya kufuli.

Kijana wa namna hii asifokewe hadi akafiche begi lake mvunguni mwa kitanda. Aambiwe wazi kwamba kichupa kikiwa ndani ya nyumba yenye watoto, kitakaa kwenye sanduku la kufuli pamoja na sumu nyingine, kikiwa kimefungwa vizuri, kwenye chombo chake, mbali na jua.

Mvunguni si stoo

Mahali ambapo familia nyingi huamini ni salama ndipo mtoto hufika kwanza. Mvunguni hufikiwa na anayetambaa. Juu ya ukuta, chini ya bati, hufikiwa na anayepanda stuli, na chupa ikipinduka humwagikia chakula au kitanda. Pembeni ya jiko kuna joto na moto, na dawa nyingi za maji huwaka.

Mahali panapofaa ni sanduku au kabati dogo lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala na jikoni, juu ya kimo cha watoto, penye kivuli na hewa. Fundi seremala wa mtaani anaweza kulitengeneza kwa mbao chakavu. Dawa za maji zikae chini na za unga juu, ili kimiminika kikivuja kisiharibu kingine. Chakula, mbegu, chumvi ya mifugo na dawa za binadamu visiingie humo. Mafuta ya taa nayo yawe mbali na mtoto, kwenye kidumu ambacho hakitumiki kwa kitu kingine.

Ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana, na wa pili ajue ulipo. Katika nyumba nyingi baba ndiye hununua dawa ya shamba na mama ndiye hubaki na watoto, hivyo ni lazima wote wawili wajue kilichomo. Kufuli hilo linamlinda pia mtu mzima. Hasira au huzuni kali mara nyingi hupita, na sumu iliyo mbali na mkono humpa mtu muda wa kupata msaada.

Mtoto akimeza

Dalili za sumu ya nikotini huweza kuanza ndani ya dakika chache: kichefuchefu, kutapika, mate mengi, jasho, kupauka, maumivu ya tumbo, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Baadaye mtoto anaweza kulegea, kupata degedege na kupumua kwa shida.

Hapo ndipo hatari nyingine inapoingia. Degedege huweza kuchukuliwa haraka kuwa ni malaria, au mtoto akapelekwa kwa mganga wa jadi. Wakati mwingine mama anaijua chupa iliyokuwa wazi, lakini anaogopa kulaumiwa na mume au mama mkwe, basi ananyamaza. Ukimya huo unaweza kumnyima mtoto tiba sahihi. Mhudumu wa afya anahitaji kujua mtoto amekunywa nini, kiasi gani na saa ngapi. Lawama zinaweza kungoja.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi wala mkaa wa jikoni. Mtoto aliyemeza mafuta ya taa au dawa yenye mafuta, akitapishwa, kimiminika huweza kuingia kwenye mapafu na kuleta madhara makubwa kuliko kilichobaki tumboni. Mfute mdomo. Kama amemwagikiwa, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kama imeingia machoni, yasafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akilegea au akipata degedege, mlaze ubavu na usimpe kitu mdomoni.

Kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri dalili zizidi, ukiwa na chupa au lebo yake mkononi. Nikotini haina dawa moja mahususi ya kuiondoa mwilini. Wahudumu husaidia upumuaji, hudhibiti degedege na kumwangalia mgonjwa hadi sumu ipungue, na kazi hiyo huenda vizuri zaidi mtoto akifikishwa mapema. Zahanati ikitoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, ifuatwe siku hiyohiyo.

Kwa familia ambayo bado haijanunua kufuli, kazi ya leo ni ndogo. Chungulia mvunguni, juu ya ukuta na nyuma ya mlango wa jiko. Kila chupa ambayo aliye nyumbani hawezi kutaja kilichomo, iondoe mahali ambapo mtoto anafika, na kesho muulize ofisa ugani namna ya kuiteketeza.