Jinsi Python inavyolinda faili zisipoteze kumbukumbu

MUUZA duka katika soko la Ekalakala, Kaunti ya Machakos, akiandika deni la mteja kisha aliache daftari wazi mezani, lolote laweza kulipata. Faili ya kompyuta haina tofauti.

Programu inapoandika katika faili, maneno huhifadhiwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, na aghalabu hufika diskini faili inapofungwa. Hitilafu ikitokea kati, kwa mfano mtu akiandika neno mahali pa tarakimu, amri ya kufunga hurukwa. Faili huenda ikabaki wazi, na deni lisionekane.

Ili kukabiliana na tatizo hilo, lugha ya Python ilianzisha amri ya "with" katika toleo la 2.5 mwaka 2006, na ikawa ya kawaida katika toleo la 2.6 mwaka 2008. Mwandishi wa programu hufungua faili kwa amri hiyo na kupanga kazi yote chini yake. Kazi ikiisha salama au ikikatizwa, Python yenyewe hufunga faili. Hitilafu haifichwi, huripotiwa baadaye.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mpaka. Ekalakala imo katika eneobunge la Masinga, lenye jina moja na bwawa la Mto Tana lililoanza kuzalisha umeme 1981. Stima ikipotea ghafla, "with" haipati nafasi ya kufunga chochote. Hivyo, mwandishi hana budi kuamuru kila deni lipelekwe diskini papo hapo, bila kungoja faili ifungwe.