Inchi 3 za Chuma Mfukoni

Kisu cha Opinel, kile cha mpini wa mbao kilichobuniwa Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kina pete ya chuma shingoni. Ukishakikunjua, unaizungusha pete kwa kidole gumba mpaka ule mwanya wa kupitishia bapa uzibike. Kuanzia hapo bapa halirudi ndani, ulisukume utakavyolisukuma. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955, na kazi yake ni moja tu: kulinda vidole vya mwenye kisu. Nchini Uingereza, pete hiyohiyo yaweza kumfikisha mwenye kisu mahakamani.

Nilikwenda Leicester kwa harusi ya jamaa, wala sikuwa na habari ya visu. Aliyenitia neno hili kichwani ni mtunza bustani mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akikata kamba za maboksi ya vyombo ukumbini. Alikata, akakunja kisu, akakirudisha mfukoni, na mara akageuka kutazama nani alikuwa akimwangalia. Kugeuka kule ndiko kulikonifanya nimfuate kesho yake kwenye bustani yake ya kukodi. Ameniomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita fundi.

Juu ya benchi lake aliweka visu viwili vya kukunja. Vyote vina makali ya inchi 2 na nusu, na vyote vimenolewa hadi vinanyoa nywele za mkono. Cha kwanza kina kibati chembamba ndani ya mpini. Bapa likikunjuka lote, kibati kinaruka na kukaa nyuma ya kisigino chake, na hakibanduki hapo mpaka ukisogeze mwenyewe kwa kidole. Cha pili hakina kibati. Kina springi moja ya chuma, imelala mgongoni mwa mpini ikikandamiza kisigino cha bapa. Kisigino hicho kimepigwa tupa kikapata nyuso tambarare, na springi ikikutana na uso tambarare hutulia. Ukilisukuma bapa, springi inakataa kidogo, halafu inaachia, na kisu kinajifunga kwa mlio mkavu: tak!

"Sikiliza tena, ndugu yangu," fundi akasema, akakifungua na kukifunga mbele ya sikio langu. "Huo mlio ndio sheria yenyewe. Hiki cha tak natembea nacho popote, siulizwi sababu. Hiki cha kibati, nikitoka nacho hapo getini bila sababu ya kueleweka, mimi ni mhalifu."

Nilidhani anatia chumvi. Nilipoisoma sheria, nikakuta ndivyo ilivyo. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988 kinakataza mtu kuwa na kitu chenye bapa au ncha kali mahali pa umma. Kinachoachwa nje ni kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kwa kingine chochote, mzigo ni wako wewe kuonyesha sababu nzuri. Sheria yenyewe inataja kazi, dini na vazi la kitaifa, na ndiyo maana Kalasinga anaweza kuvaa kirpan, kisu cha dini yake, na Mskoti akachomeka kisu kidogo kwenye soksi siku ya sherehe. Ukishindwa kujieleza, kifungo chaweza kufika miaka 4.

Neno juu ya kibati au pete halimo katika kifungu hicho. Liliongezwa na majaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Mahakama ya Rufani ikalikubali mwaka 1998. Walisema kisu cha mfukoni ni kile kinachoweza kukunjwa wakati wowote kwa kukikunja tu. Kama inabidi kwanza ubonyeze kitu, basi kisu hicho kikiwa wazi hakina tofauti na kisu cha jikoni. Hoja hiyo inaeleweka, kwani kisu kisichojikunja ni imara zaidi mkononi mwa anayetaka kudhuru. Ila ni imara zaidi pia mkononi mwa fundi, na fundi ndiye anayekishika siku nzima.

Akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kina kovu jeupe, limekizunguka chini ya kiungo cha kwanza. Alilipata akiupandikiza mtufaha.

Kazi hii ya kupandikiza aliianzia Kilifi, kwenye miembe, akiwa kijana. Alinieleza kwa raha ambayo sikuiona usoni pake tulipokuwa tukizungumza sheria. Mwishoni mwa baridi, miti ikiwa bado imelala, unachukua kikonyo cha mtufaha unaoupenda na shina changa lenye unene uleule. Unavikata vyote kwa mshazari, mkato mmoja, bila kurudia, maana ukirudia uso unapata mawimbi na vidonda havitalalana. Halafu katikati ya kila mkato unachonga ulimi. Unazichomeka ndimi mbili zikaumana, ganda likagusana na ganda, unafunga kwa utepe, unangoja. Majani yakichomoza unajua damu ya mti imevuka.

"Hapo kwenye ulimi ndipo pana balaa," alisema. "Unasukuma bapa ndani ya mbao, kufuata nyuzi zake. Kisu kinabanwa. Ukikitikisa kukitoa, springi inaachia, na kidole chako kiko njiani. Kisu cha kibati kisingenikata. Lakini cha kibati ndicho ninachoambiwa ni silaha."

Anacho, bila shaka, na anacho pia kisu cha ala kisichokunjika. Vyote viko kwenye sanduku la zana, na sanduku linapanda garini siku za kazi tu, kwa sababu ruhusa ya kazi huisha kazi inapoisha. Mahakama za huko ziliwahi kumkatalia mtu aliyekuwa na kisu alichokitumia kazini siku 6 kabla, akasema amekisahau mfukoni. Kusahau peke yake, walisema, si sababu nzuri. Mwaka 2005 kikaja kisu cha kupakia siagi, butu, hakina hata ncha, na majaji wakaamua kwamba hicho nacho ni kitu chenye bapa. Kila Ijumaa jioni fundi anapekua mifuko ya koti lake la kazi kabla ya kulitundika.

Kuna neno jingine ambalo amelikariri, nalo ni neno la kutolisema. Polisi akiuliza kisu cha nini, usimjibu kwamba ni cha kujilinda. Hata kiwe cha tak, hata kiwe cha inchi 1, ukikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, japo katika kujilinda, Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya 1953 inaweza kukigeuza kuwa silaha. Hapo ndipo Uingereza inapofanana na kwetu. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakiulizi inchi. Kinauliza kama mazingira uliyokutwa nayo yanaonyesha ulijihami kwa nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 7 hadi 15. Baba yake fundi aliuza madafu Mombasa, na enzi hizo alivuka kivuko cha Likoni na panga kapuni bila kuulizwa neno. Nia yake ilikuwa imelala juu ya madafu, kila mtu anaiona.

Nia ya kijana wa miaka 19 haionekani namna hiyo. Fundi ana mwana wa umri huo, amezaliwa Leicester, na Jumamosi humsaidia bustanini. Ana mkono mwepesi kuliko babake, na vikonyo alivyofunga masika yaliyopita vimeshika karibu vyote. Fundi alimnunulia kisu cha tak, mpini wa pembe, makali chini ya inchi 3, halali kwa kila kipimo. Hajampa. Kimo kwenye droo ya jikoni, ndani ya boksi lake.

Nilimuuliza kwa nini, na jibu lilikuja polepole. Vijana wanauana kwa visu katika miji ya Uingereza, na yeye ameshahudhuria mazishi ya mmoja wao. Hataki sheria ilegezwe. Polisi wana kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994, kinachowaruhusu, eneo likishatangazwa, kumsachi mtu bila kumshuku kwa lolote. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watu weusi husimamishwa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko weupe, ukilinganisha na idadi yao. "Mimi nina mvi, nina koti lenye udongo," alisema. "Jirani yangu wa bustani ni Mwingereza mweupe, anamenya tufaha kwa kisu chake kwenye kiti cha basi, na abiria wanamtabasamia. Mwanangu akifanya hivyo?"

Nikamwambia kisu ni halali, sheria iko wazi.

"Sheria iko wazi, nakubali. Lakini itasomwa baada ya mtoto kulazwa kifudifudi barabarani. Wataleta rula, watapima, watamwambia samahani, nenda zako. Mimi sitaki afike kwenye rula." Alikichukua kile cha kibati akakifuta utomvu kwa kitambaa. "Umesema utaandika gazetini. Basi waulize waliosoma sheria: mtoto wangu ana haki ya inchi 3 kama mwenzake, au hana? Na kama anayo, ataibebea wapi?"