MTEJA ANATAKA KOMPYUTA YA MUZIKI? USIMUUZIE YA GEMU

Wadau wa kuuza mtandaoni, leo ni zamu ya wanaouza vifaa vya kompyuta, hasa nyie mnaounganisha mashine wenyewe kwa oda.

Kuna meseji inaingia sana inboksi: "Boss, nataka kompyuta ya kutengenezea muziki, bajeti yangu hii hapa, nifanyie." Mteja huyu mshike vizuri. Maprodyuza wanajuana, akiridhika mmoja anakuletea wanne. Asiporidhika, nao wanne wanapata habari.

Shida ni kwamba wengi tukisikia "mashine yenye nguvu" akili inaenda kwenye gemu. Tunaweka kadi kubwa ya picha, taa za rangi na kioo ubavuni. Siku ya kwanza mteja anafurahi. Wiki ya pili anaandika: "Mbona nikiweka plagini kadhaa sauti inakatakata?" Hapo sehemu kubwa ya hela yake imelala kwenye kadi ambayo programu ya muziki karibu haina kazi nayo. Anataka kurudisha mzigo, na wewe mtaji umeshauzungusha.

Kwa hiyo shika hili moja: kwenye mashine ya muziki hela inaanzia kwenye prosesa, halafu RAM, halafu SSD. Vingine vinafuata.

KWA NINI PROSESA KWANZA

Programu kama FL Studio au Cubase inapiga hesabu ya sauti kwa vipande vidogo vidogo. Sekunde moja ya sauti ya kawaida ina sampuli 44,100. Kompyuta inachukua kidogo kidogo, tuseme sampuli 256 kwa mara moja. Kipande hicho kinaitwa bafa, na urefu wake ni kama milisekunde 5.8 tu. Ndani ya muda huo prosesa lazima imalize kazi ya vyombo vyote na plagini zote. Isipomaliza, unasikia "tak tak" au sauti inaruka.

Ni kama mama wa chapati mwenye foleni. Kila dakika lazima itoke moja. Ikichelewa moja, foleni nzima inaona.

Mteja anaweza kuongeza bafa mpaka 1024, prosesa ikapata kama milisekunde 23 za kupumua. Wakati wa kuchanganya sauti hiyo haina shida. Lakini wakati wa kurekodi, mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa na anatoka nje ya biti. Ndiyo maana studio inahitaji prosesa inayoweza bafa ndogo.

Usiangalie idadi ya kori peke yake. Sauti ya chombo kimoja ikipita kwenye plagini sita, inapita moja baada ya nyingine, kwa hiyo kasi ya kori moja ina uzito mkubwa. Kori nyingi zinasaidia pale nyimbo inapokuwa na vyombo vingi.

Za bei ya kati zinazofanya kazi vizuri: Intel Core i5-12400 na AMD Ryzen 5 5600G. Zote zina kori 6, na zote zina picha ndani, hazihitaji kadi ya picha.

Hapa kuwa makini na herufi. i5-12400F haina picha ndani. Ryzen 5 5600 bila G nayo haina. Ukiagiza hizo kwa sababu bei iko chini kidogo, ukiwasha mashine skrini inabaki nyeusi mpaka utafute kadi. Punguzo lote limeisha.

MAZABODI

i5-12400 inakaa kwenye soketi ya LGA1700, 5600G inakaa kwenye AM4. Hazibadilishani. Pia mazabodi za LGA1700 ziko za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Soma boksi kabla hujalipa. Ukichukua B450 ya zamani kwa ajili ya 5600G, muulize muuzaji kama BIOS imeshasasishwa, maana bila hivyo inaweza isiwake.

Hesabu na matundu ya USB nyuma. Prodyuza ana kibodi, mausi, kinanda cha MIDI, sauti kadi ya nje na flashi. Matundu manne yanaisha haraka.

RAM

Anzia GB 16, vipande viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba. Vyombo kama piano na vinanda vya okestra kwenye programu ya Kontakt vinapakia sauti zake kwenye RAM, ndiyo maana inaisha haraka. Anayetengeneza muziki wa filamu au kwaya yenye okestra kubwa mpe GB 32. Mteja wa bajeti ndogo anaweza kuanza na 8 kwa biti na vokali chache, ila hakikisha mazabodi ina nafasi ya kuongeza, na mwambie mapema.

SSD

Hapa ndipo unaweza kumwokolea mteja hela. Rekodi ya biti 24 kwa 48,000 inakula kama MB 8.6 kwa dakika kwa kila chaneli. Hata ukirekodi chaneli 30 kwa pamoja, hufiki MB 5 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inasoma mpaka kama MB 550 kwa sekunde. Hakuna haja ya kununua ile ya bei juu kuliko zote. Weka SSD ya GB 500 kwa Windows, programu na kazi za sasa, halafu hadi diski ya kawaida kwa kuhifadhia kopi. Kazi ya msanii ikipotea, hakuna waranti inayoirudisha.

POWASAPLAI NA KELELE

Mashine ya aina hii bila kadi ya picha kwa kawaida haifiki wati 200. Wati 450 za kampuni inayoeleweka zinatosha, na ni bora kuliko "wati 750" za jina usilolijua. Mshauri achukue na UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kurekodi, kazi inaweza kwenda nao.

Kumbuka maiki iko chumba kimoja na mashine. Feni kubwa za milimita 120 zinazozunguka taratibu zina kelele kidogo kuliko ndogo zinazolia. Kasha lenye hewa nzuri linashinda kasha lenye taa.

SAUTI KADI YA NJE

Hii iweke kwenye mazungumzo kabla ya bei. Anayerekodi waimbaji anaihitaji, mfano Focusrite Scarlett Solo, yenye tundu moja la maiki na draiva yake ya ASIO. Draiva hiyo ndiyo inasaidia sauti isichelewe. Lakini usimwambie mteja kwamba itapunguza mzigo wa plagini. Kazi hiyo inabaki kwa prosesa.

MASHINE ZA OFISINI ZILIZOTUMIKA

Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinapatikana kwa wingi na bei inavutia. Kwa anayeanza siyo mbaya, ila angalia vitu viwili. Kwanza, Windows 10 ya kawaida iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8, kama i5-8500. Pili, nyingi zina powasaplai za umbo lake, ikifa hupati mbadala kirahisi. Mwambie mteja yote mawili.

HELA INAGAWANYWAJE

Kwenye kila shilingi 100 ya bajeti ya mashine (bila skrini na sauti kadi), mimi napanga hivi:
- Prosesa 30
- Mazabodi 18
- RAM 17
- SSD na diski 15
- Powasaplai 10
- Kasha na feni 10

Ukiona kitu cha mapambo kinakula zaidi ya RAM, simama upange upya.

KABLA YA KUTUMA MZIGO

Fungua mradi wa mfano wenye vyombo vingi, weka bafa 128, uache ucheze saa nzima. Pima na LatencyMon, ni ya bure, inakuonyesha kama kuna draiva inayochelewesha sauti. Ukiona nyekundu, anza na kusasisha draiva, hasa ya waifai. Kwenye Windows chagua mpangilio wa umeme wa nguvu kubwa, siyo wa kubana. Rekodi video mashine ikicheza, mtumie mteja. Andika namba za vifaa kwenye risiti, ili mzigo ukirudi ujue ni ule ule.

Kama inaenda mkoani kwa basi na feni ya prosesa ni kubwa na nzito, ing'oe uifunge pembeni, mteja au fundi wake airudishe huku mkiwa kwenye simu. Usisahau kuweka na pasta ya joto.

Na usiingize programu za wizi ili kumfurahisha. Zikija na virusi, mashine ikizingua jina linalotajwa ni la duka lako.

MESEJI YA KUNAKILI

Usitaje bei mpaka ajibu haya:

"Karibu sana. Nisaidie mambo matano nikupe mashine inayokufaa:
1. Unatumia programu gani?
2. Unarekodi waimbaji au unatengeneza biti tu?
3. Unatumia vyombo vizito kama okestra?
4. Unahariri na video?
5. Una skrini na sauti kadi tayari?"

Akisema Logic Pro, mweleze ukweli kwamba inafanya kazi kwenye Mac na iPad tu, usichukue hela yake. Akisema anahariri video, hapo kadi ya picha ina maana, panga upya hesabu. Akisema biti tu na skrini anayo, bajeti yote inaenda pale inapofanya kazi.

Majibu hayo yatunze. Akirudi mwaka kesho kuongeza RAM, unajua cha kumuuzia bila kubahatisha. Mtumie posti hii mwenzako anayeunganisha mashine.