Shule ya Msingi kama Kituo cha Jamii: Funzo la Tanzania, 1967–1986

Makala hii inachunguza jinsi shule ya msingi nchini Tanzania ilivyopewa dhima ya kuwa kituo cha jamii inayoizunguka. Hoja yake kuu ni kwamba dhima hiyo haikutokana na majengo, bali na mgawanyo wa wajibu na wa muda. Suala hili lina uzito kwa watunga sera wa ukanda wetu, kwa kuwa shule nyingi zimejengwa kwa nguvu na michango ya wananchi, ambao baadaye hubaki wageni katika shule hizo hizo.

Msingi wa kifikra uliwekwa Machi 1967, Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulikosoa elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa kuwa ilimtenga mtoto na jamii yake. Ulitaka shule iwe jumuiya inayozalisha na iliyo sehemu ya kijiji. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Shule za msingi zikafanywa vituo vya elimu hiyo, na mwalimu mkuu akawajibika kwa wanakijiji wazima sawa na alivyowajibika kwa watoto. Hapa ndipo penye kiini cha mabadiliko: darasa lilikuwa lile lile, ila orodha ya waliostahili kuingia ndani yake ilipanuka.

Matokeo yalionekana. Takwimu rasmi zinaonesha kuwa idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takriban asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Aidha, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Kisomo kikazaa uchimbaji wa vyoo na usafi wa maji.

Hata hivyo, mvutano wa aina mbili ulijitokeza. Kwanza, Azimio la Musoma la 1974 lilikusudia kila mtoto aandikishwe shuleni ifikapo 1977. Lengo hilo adilifu lilihitaji vyumba vile vile na walimu wale wale waliokuwa wakiwahudumia watu wazima. Pili, mtihani wa darasa la saba uliendelea kuwa lango la kuingilia sekondari. Mzazi aliyetaka mwanawe avuke lango hilo alikuwa na sababu ya kutilia shaka saa zilizotumika shambani. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 ulipobana bajeti, kazi iliyotegemea saa za ziada za mwalimu ilikuwa rahisi kuachwa.

Kwa mintarafu hiyo, sera inayotaka kufufua shule kama kituo cha jamii haina budi kujibu maswali matatu kabla ya kujenga ukumbi mpya: nani amekabidhiwa wajibu huo kwa maandishi, saa zipi zimetengwa, na nani analipwa kwa saa hizo? Pasipo majibu hayo, mzigo huangukia bega la mwalimu, na mwalimu anapochoka, jamii hupoteza kituo chake ingawa jengo lingali limesimama.