UDAKTARI WA BIASHARA KWA MASOMO YA MBALI: ULIZA KWANZA, LIPA BAADAYE

Liko swali moja ambalo wanachama wa Awindiri, wa Arua mjini na hata wa Koboko huleta mbele ya chama. Wanauliza: Je, ni kweli mtu aweza kupata shahada ya udaktari wa biashara akiwa nyumbani kwake, bila ya kuacha kazi? Na kama ni kweli, katika vyuo vyote vinavyojitangaza kwenye simu zetu, achague kipi?

Wengine watasema jambo hili ni la wakubwa wa ofisini, halimhusu mchuma chai, mkata miwa wala fundi wa mashine. Sivyo hata kidogo. Wazee wetu wengi walitoka Nile Magharibi wakaenda kukata miwa Kakira na Lugazi ili watoto wao wasome. Leo baadhi ya watoto na wajukuu hao wanayo shahada ya kwanza na ya pili, nao wataka kuendelea. Karani wa ghala aliyejisomea jioni naye ataka kuendelea. Na kwetu sisi msomaji huwa mmoja, lakini walipaji ni wengi: ukoo huchanga, ng'ombe huuzwa, mkopo huchukuliwa katika chama cha akiba na mikopo kwa dhamana ya wenzake. Cheti kikija kukataliwa, hasara huingia nyumba nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo yafaa sote tujue mambo ya kuuliza.

UDAKTARI HUU NI NINI?

Huu si udaktari wa hospitali. Ni shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, nayo kwa kawaida hutanguliwa na shahada ya pili, yaani uzamili. Iko ya namna mbili. Ya kwanza ni Udaktari wa Falsafa, unaoandikwa PhD. Mwanafunzi wake hutafuta elimu mpya juu ya mambo ya biashara, na ndiyo shahada ambayo vyuo vikuu hupenda walimu wao wawe nayo. Ya pili ni Udaktari wa Uongozi wa Biashara, unaoandikwa DBA. Mwanafunzi wake mara nyingi ni meneja mwenye uzoefu, naye huchunguza tatizo halisi la kazini, kama vile kwa nini kiwanda hupoteza mafundi wake kila mwaka. Zote mbili hudai utafiti na andiko refu liitwalo tasnifu. Watahini hulisoma andiko hilo, kisha humhoji mwandishi wake.

Maana yake ni kwamba udaktari si kukariri na kujibu mtihani. Ni kazi ya miaka mitatu au minne kwa mtu anayesoma kutwa. Kwa mfanyakazi anayesoma usiku huweza kufika mitano, sita au zaidi. Anayekuahidi udaktari kwa miezi sita hakuuzii elimu, anakuuzia karatasi.

KUSOMA KWA MBALI SI AIBU

Tusidhani kwamba masomo yote ya mbali ni ya ulaghai. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kijulikanacho kama UNISA, kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Hapa Uganda, Makerere ilianzisha mwaka 1991 mpango wa shahada kwa wanafunzi wa nje, na miongoni mwa shahada za kwanza ilikuwamo ya biashara. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Chuo hicho kina vituo mikoani, na hutoa shahada mpaka za udaktari.

Kwa hiyo swali si kama chuo kiko karibu au mbali. Swali ni kama kitakufanyisha kazi ya kweli, na kama kazi hiyo itaheshimiwa ukishaimaliza.

SWALI LA KWANZA: NANI ANAKITAMBUA?

Katika Uganda, chombo chenye mamlaka hayo ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Kenya ina Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo kikiwa cha Uingereza, India au Marekani, uliza chombo cha serikali au cha ithibati cha nchi hiyo, kisha urudi kuliuliza Baraza letu kama cheti chake kitakubaliwa hapa.

Uliza mambo matatu kwa pamoja. Je, chuo chenyewe kinatambuliwa? Je, shahada hiyo ya udaktari imeidhinishwa? Je, imeidhinishwa kufundishwa kwa mbali? Chuo chaweza kuwa halali kwa shahada ya kwanza, na bado kisiwe na ruhusa ya kutoa udaktari. Jibu lake lipate kwa maandishi, tena kutoka kwa mamlaka yenyewe, si kutoka kwa wakala wa chuo.

Twasisitiza hivyo kwa sababu walaghai nao wana mihuri. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Pakistan, iitwayo Axact. Kampuni hiyo iliendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo visivyokuwapo, ikauza vyeti duniani kote. Ilitengeneza hata vyombo vya bandia vya kuvithibitisha vyuo vyake. Aliyeuliza "Je, mmethibitishwa?" alijibiwa "Ndiyo," akaonyeshwa jina zuri na nembo ya kupendeza. Asiyeuliza mahali pengine alilipa.

Sisi wa Arua tunapakana na Kongo na hatuko mbali na Sudani Kusini, na wengi wetu hutafuta kazi huko. Ni kweli kwamba mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti vitambulikane kuvuka mipaka. Hata hivyo, mwajiri ndiye atakayekipokea cheti chako. Muulize kabla ya kuanza.

SWALI LA PILI: NANI ATAKUSIMAMIA?

Katika udaktari, msimamizi ni kama fundi mkuu kwa mwanagenzi. Akiwa mzembe, miaka yako yapotea. Basi taka kujua jina lake kabla hujalipa. Je, amewahi kuandika juu ya jambo unalotaka kuchunguza? Anao wanafunzi wangapi wengine? Atasoma kazi yako na kukujibu baada ya siku ngapi? Akihama au akifariki, nani atashika nafasi yake? Je, kati ya watahini yuko mtu wa nje ya chuo?

Waombe pia wakupe majina ya watu waliomaliza, uzungumze nao. Uliza ni wangapi walioanza na ni wangapi waliomaliza. Chuo cha kweli nacho kitakuhoji wewe: kitataka vyeti vyako, pendekezo la utafiti, na barua za watu wanaokujua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chuo kisichokuinamisha, kisichouliza lolote ila namba ya malipo, kikimbie.

SWALI LA TATU: GHARAMA YOTE NI KIASI GANI?

Tangazo hutaja ada ya mwaka mmoja. Wewe hesabu miaka yote. Tuchukue mfano tu: ada ikiwa shilingi milioni 6 kwa mwaka, miaka mitatu ni milioni 18. Kazi ikichelewa mpaka mwaka wa sita, ni milioni 36. Mfanyakazi awezaye kuweka shilingi 200,000 kila mwezi hupata milioni 2.4 kwa mwaka, yaani chini ya nusu ya ada hiyo. Pengo hilo ndilo linalouza ng'ombe.

Juu ya ada kuna usajili, mtihani, safari za utafiti, uchapaji wa tasnifu, na bando la intaneti. Ada ikidaiwa kwa dola au pauni, shilingi ikishuka deni lako lapanda. Soma mkataba: Ukiugua, waweza kusimama mwaka mmoja bila kulipa? Ukiacha, utarudishiwa nini?

SWALI LA NNE: UTASOMEA WAPI, NA SAA NGAPI?

Kutoka Awindiri hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Uliza ni mara ngapi kwa mwaka utatakiwa ufike chuoni, na kama mwajiri atakupa ruhusa. Uliza kama tasnifu itatetewa kwa simu ya video au ana kwa ana. Uliza kama maktaba ya chuo hufunguka kwa mwanafunzi wa mbali, na kama waweza kupakua vitabu ukavisoma stima ikikatika. Arua inacho Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali. Kaulize kama maktaba yake humpokea msomaji wa nje. Anayefanya zamu ya usiku na atake kusoma mchana, apange saa zake pamoja na watu wa nyumbani kabla ya kutia sahihi.

JE, UDAKTARI NDIO UNAOHITAJI?

Swali hili ni la mwisho, lakini lafaa kuwa la kwanza. Kama wataka kufundisha chuo kikuu, udaktari una kazi. Kama wataka kupanda cheo kiwandani, au kusoma hesabu za kampuni siku ya majadiliano ya mishahara, huenda masomo ya uhasibu yakakufaa zaidi, kwa bei ndogo na kwa muda mfupi. Mitihani ya Taasisi ya Wahasibu ya Uganda ina ngazi, na mtu huweza kusimama kwenye ngazi anayoimudu, tayari akiwa na ujuzi unaomlipa.

Kwa upande wa chama, elimu isiwe mzigo wa mtu mmoja. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Matawi yaingize jambo hilo katika madai yao: siku za mitihani zilipwe, zamu zipangwe kwa kufikiria wanaosoma, na kampuni inayofaidi ujuzi wa mfanyakazi ichangie ada yake.

Ndugu, hatumkatazi mtu kusoma. Twamtaka asome, na amalize, na cheti chake kisimame mbele ya mwajiri yeyote. Kabla ya kutia sahihi au kutuma hata shilingi moja, peleka karatasi za chuo kwa katibu wa tawi lako, mzisome pamoja, mwandike barua kwa Baraza, na mngoje jibu. Chuo halali kitakungoja.

Umoja ni nguvu.