Kalemie: namna ya kumfasiria mtoto jinsi nguvu inavyopimwa

Sokoni Kalemie, samaki akitundikwa kwenye mizani ya kulabu, mshale unashuka na mtoto anasoma kilo. Lakini ndani ya mizani hiyo kuna resori ya chuma tu, inayovutwa na mzigo. Mwingereza Robert Hooke alilieleza jambo hilo mwaka 1678: mzigo ukiwa mara mbili, resori nayo inarefuka mara mbili. Mshale ukiwa haukuanzia kwenye sifuri, mnunuzi anaibiwa, na hilo watoto wanalielewa haraka kuliko wakubwa.

Kipimo cha nguvu kinaitwa nyutoni, kwa jina la Isaac Newton. Kwa mtoto wa miaka saba neno hilo ni sauti tu. Afadhali apewe maji ayashike: gramu 100 za maji zinavuta mkono chini kwa nguvu ya karibu nyutoni moja, na chupa ya nusu lita karibu nyutoni tano.

Shule isiyo na maabara inaweza kutengeneza mizani yake. Kipande chembamba cha mpira wa ndani wa baiskeli kinafungwa kwenye msumari ukutani, chini yake kopo tupu. Hapo linapofika kopo, unachorwa mstari wa sifuri. Kisha maji yanamiminwa, gramu 100 kila mara, na mistari inaongezwa. Mistari haitapishana sawasawa kama ya resori, maana mpira una tabia yake, na ukizoea kuvutwa unalegea. Basi ichorwe upya.

Sasa kopo liondolewe, jiwe lifungwe mahali pake. Mtoto asome mstari, halafu ndoo ya maji ya ziwa iinuliwe mpaka jiwe lizame. Mpira unajikunja! Jiwe halikupungua, maji yanalisukuma juu.

Kwa wakaaji wa pwani ya Tanganyika, msukumo huo ndio unaobeba mitumbwi na boti. Nao una mpaka. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili, watu zaidi ya 120 wakafa. Viongozi walitaja mzigo uliopita kiasi na upepo mkali.

Bakuli la plastiki na vijiwe vinatosha kumwonyesha mtoto. Kila kijiwe kinalishusha bakuli kidogo, ukingo unakaribia maji, na kile cha mwisho, hata kikiwa kidogo kuliko vyote, kinalizamisha.